Nilikesha kwa Ajili ya Watu Wote

Wahenga walinena kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii nimeisikia tangu nilipokuwa katika shule ya msingi, aghalabu kutoka kwa mwalimu wa michezo pindi timu yetu ilipochapwa mabao na shule jirani. Hata hivyo, sijapata kusikia methali inayomhusu mtazamaji. Mchezaji akishindwa huvua jezi, akaenda kuoga na kulala. Mtazamaji hubaki na uchungu ambao hakuutolea jasho, wala hana mtu wa kumpelekea malalamiko yake. Makala haya ni malalamiko ya mtazamaji mmoja wa sinema. Yalianza katika chumba kimoja cha kupanga hapa Kabianga, alfajiri ya Jumatatu tarehe 5 Machi 2018, na hayajaisha hadi leo, ingawa anayelalamikiwa amebadilika.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nikisomea ualimu wa Kiswahili. Msomaji anayeyajua mazingira yetu atakumbuka jinsi ukungu unavyoyafunika mashamba ya chai kabla ya jua kuchomoza, hata mtu asiweze kuona mti ulio hatua kumi mbele yake. Sherehe za kutoa tuzo za Oscar zilikuwa zikifanyika Los Angeles jioni ya Jumapili, nasi huku tulikuwa saa kumi za usiku. Tulikuwa wanafunzi watatu, blanketi mbili, chupa moja ya chai na kipakatalishi kimoja kilichoungwa kwenye mtandao wa simu. Mawimbi yalikuja na kupotea. Kila yalipopotea mmoja wetu aliinua simu juu, karibu na dirisha, kana kwamba anamwonyesha Mungu namba yake.

Filamu tuliyoikeshea inaitwa Watu Wote. Ni filamu fupi ya takriban dakika 22, na wahusika wake huzungumza Kiswahili na Kisomali. Kisa chake kimejengwa juu ya tukio la kweli. Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likielekea Mandera lilishambuliwa na magaidi wa Al-Shabaab karibu na El Wak. Magaidi hao waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria wakakataa. Baadhi ya wanawake waliwapa wenzao wasiokuwa Waislamu hijabu za kujifunika, na abiria wakasema kwamba kama ni kuuawa, wauawe wote, na kama ni kuachwa, waachwe wote. Miongoni mwa waliopigwa risasi siku hiyo alikuwamo mwalimu Salah Farah, naibu wa mwalimu mkuu, aliyefariki Januari 2016 akiwa hospitalini Nairobi.

Ili kuelewa uzito wa kukataa huko, yafaa tukumbuke yaliyotangulia. Tarehe 22 Novemba 2014, katika kaunti hiyo hiyo, basi jingine lililokuwa likija Nairobi lilitekwa. Safari hiyo abiria walitengwa. Watu 28 waliuawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo ya Desemba. Waliokataa kutengwa mwaka 2015 walijua fika kile kilichokuwa kimetendeka mwaka uliotangulia.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika Kaunti ya Mandera mwaka huo wa 2014. Aliondoka siku tatu kabla ya basi lile, kwa sababu ambayo hadi leo huieleza kwa maneno mawili tu: nauli ilipatikana. Januari 2015, walimu wengi waliotoka sehemu nyingine za nchi walipokataa kurudi huko, naye alikuwa mmoja wao. Alikaa nyumbani muda mrefu. Asubuhi alibeba kikapu na kwenda kuchuma chai pamoja na Mama, na jioni alikaa nyuma ya nyumba bila ya kusema na mtu. Hatukumwuliza neno. Kwetu, mtu mzima aliyenyamaza haulizwi, husubiriwa.

Kwa hiyo, mwenzangu aliponiletea filamu ya Watu Wote kwenye fleshi mwanzoni mwa mwaka 2018, sikuitazama kama mpenzi wa sinema atazamavyo. Niliitazama mara tatu usiku mmoja. Kile ambacho kaka yangu hakupata kukisema kwa miaka mitatu nilikiona kikisemwa mbele yangu, tena kwa Kiswahili. Niliposikia kwamba filamu hiyo imeteuliwa kuwania tuzo ya filamu fupi ya uigizaji, niliamini kwa moyo wangu wote kuwa haiwezi kushindwa. Ingeshindwaje? Ilikuwa kweli, ilikuwa fupi, na ilisema jambo ambalo dunia nzima ilihitaji kuambiwa.

Wateule walikuwa watano: DeKalb Elementary, The Eleven O'Clock, My Nephew Emmett, The Silent Child na Watu Wote. Usiku huo Lupita Nyong'o mwenyewe alikuwa amepanda jukwaani kushiriki katika kutangaza tuzo nyingine, nasi tukaliona hilo kuwa dalili njema. Kisha mawimbi yakapotea. Yaliporudi, matokeo yalikuwa yamekwisha kutolewa. The Silent Child, filamu ya Waingereza kuhusu mtoto kiziwi, ilikuwa imeshinda.

Sikuwa nimeitazama filamu hiyo, wala sikuona haja ya kuitazama ili niichukie.

Juma lililofuata niligeuka karani wa dhuluma. Badala ya kuandika insha ya isimujamii niliyotakiwa kuikabidhi siku ya Ijumaa, nilikusanya ushahidi. Niliandika kwamba Machi 1986 filamu ya Out of Africa, iliyopigwa papa hapa Kenya kuhusu maisha ya Karen Blixen na shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong, ilijizolea Oscar saba, ikiwemo ya filamu bora. Usiku huo huo The Color Purple, yenye wahusika wakuu Wamarekani weusi, iliyokuwa imeteuliwa katika vitengo 11, iliondoka mikono mitupu. Niliandika kwamba mwaka 2003 filamu ya Kijerumani ya Nirgendwo in Afrika, inayosimulia maisha ya familia ya Kiyahudi iliyokimbilia Kenya, ilishinda tuzo ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Marehemu Sidede Onyulo, Mkenya mwenzetu, aliigiza humo kama Owuor mpishi, na hadi leo yeye ndiye ninayemkumbuka zaidi katika filamu hiyo. Niliandika kwamba mwaka 2006 Rachel Weisz alipata Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa The Constant Gardener, ambayo sehemu zake zilipigwa Kibera.

Upande wa pili wa daftari niliorodhesha zetu. Nairobi Half Life ya David Tosh Gitonga, filamu ya kwanza kuwasilishwa na Kenya katika kitengo cha lugha ya kigeni mwaka 2012, haikuteuliwa. Kati Kati ya Mbithi Masya, mwaka 2017, haikuteuliwa. Baadaye niliongeza Supa Modo ya Likarion Wainaina ya mwaka 2018 na Subira ya mwaka 2019, nazo zikapata jibu lilo hilo. Lupita alikuwa ameshinda mwaka 2014, na nchi nzima ilishangilia kana kwamba ni Harambee Stars iliyoleta kombe. Lakini aliishinda kwa filamu ya Mwingereza kuhusu utumwa wa Marekani. Chini ya orodha hiyo nilipiga mstari mara mbili, nikaandika kwa herufi kubwa: KENYA IKIWA MANDHARI HUSHINDA, KENYA IKIWA MSIMULIZI HUSHINDWA.

Niliona nimegundua kanuni. Nilimsomea mmoja wa wale wenzangu wawili niliokesha nao. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza.

"Ndugu yangu, Watu Wote ingeshinda, ile sanamu ingepelekwa wapi?"

Nilinyamaza. Ingepelekwa Hamburg. Mwelekezi wake, Katja Benrath, ni Mjerumani, naye aliitengeneza akiwa mwanafunzi wa chuo cha Hamburg Media School. Filamu hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kupata nishani ya dhahabu katika Oscar za wanafunzi mwaka 2017, kwa upande wa vyuo vya nje ya Marekani. Waigizaji walikuwa wa kwetu na lugha zilikuwa za kwetu, nao wastahili heshima yao. Lakini aliyesikia habari ya lile basi na kusema kwamba hii yafaa iwe filamu alikuwa mwanafunzi kama mimi, aliyekuwa akisomea umbali wa maelfu ya kilomita kutoka Mandera. Mimi nilikuwa na kaka yangu nyuma ya nyumba. Hata Nairobi Half Life, Kati Kati na Supa Modo, ingawa zilielekezwa na Wakenya, zilitokana na mradi wa ushirikiano na Wajerumani ulioanzishwa na mwelekezi Tom Tykwer. Kanuni yangu ya herufi kubwa ilikuwa imetoboka.

Majuma mawili baadaye, kwa aibu zaidi kuliko hamu, niliitazama The Silent Child. Ni kisa cha Libby, msichana mdogo aliyezaliwa kiziwi katika familia ya watu wanaosikia. Mfanyakazi mmoja kijana wa ustawi wa jamii anakuja nyumbani kumfundisha lugha ya ishara, na mtoto aliyekuwa kama kivuli anaanza kucheka, kuuliza na kutaka. Mama mtu anaikatiza kazi hiyo. Anataka bintiye asome midomo na atamke maneno kama watoto wengine. Mwishoni tunamwona Libby shuleni, katikati ya kelele za watoto wenzake, hana wa kusema naye. Nilisoma pia kwamba Rachel Shenton, aliyeiandika na kuigiza kama yule mfanyakazi wa ustawi wa jamii, alipopokea tuzo alitoa hotuba yake kwa lugha ya ishara, kwa sababu alikuwa amemwahidi hivyo mtoto Maisie Sly aliyeigiza kama Libby.

Wanachama wenzangu, mimi nilisoma katika shule ambamo mtoto aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni. Kibao kile kilihama kutoka shingo hadi shingo mchana kutwa, na aliyekutwa nacho jioni aliadhibiwa kwa niaba ya wote. Nilikivaa mara nyingi. Nimekaa katika kumbi za chama hiki nikiwasikiliza wahadhiri wetu wakieleza kwamba kumnyima mtoto lugha ni kumfungia mlango wa dunia, nami nikapiga makofi. Kumbe filamu niliyoichukia bila ya kuiona ilikuwa ikisema jambo hilo hilo, tena kwa dakika 20 tu.

Je, hiyo ina maana kwamba waamuzi walikuwa sahihi? La hasha. Nimezitazama filamu zote mbili mara kadhaa tangu wakati huo, na kura yangu bado ni ya Watu Wote. Nakiri udhaifu wake. Jua, yule mwanamke Mkristo aliyepanda basi akiwa na hofu na kinyongo dhidi ya abiria wenzake, hubadilika upesi mno, kwani dakika 22 hazitoshi kumwondolea mtu kinyongo cha namna ile. Usawiri wa Libby una subira zaidi. Lakini The Silent Child inamlaumu mama mmoja, na mtazamaji huinuka akijihisi mwema kuliko mama huyo. Watu Wote haimwachii mtazamaji nafasi hiyo. Inamketisha ndani ya basi na kumwuliza: wewe ungekaa, au ungeshuka? Mimi sina jibu, na kwa sababu hiyo naipa kura yangu. Tazama lakini kwamba sasa nazungumza kwa hoja. Alfajiri ile ya Machi sikuwa na hoja yoyote. Nilikuwa na hasira peke yake.

Likizo ilipofika niliibeba filamu hiyo hadi nyumbani. Sikuwa na hakika kama nafanya vyema. Jioni, baada ya chakula, niliweka kipakatalishi juu ya meza, nikamwambia kaka yangu habari ya filamu ni nini, na kwamba akitaka nitaifunga. Alisema niifungue. Mama alisogeza kiti.

Mama anakielewa Kiswahili cha sokoni na cha kanisani, na sehemu za Kiswahili hazikumpa shida. Tatizo lilikuwa Kisomali, maana tafsiri iliyoandikwa chini ilikuwa ya Kiingereza. Nilijitayarisha kumsomea. Kabla sijafungua kinywa, kaka yangu alianza kufasiri. Hakuwa akisoma maandishi. Alikuwa akimsikiliza mhusika, kisha anamgeukia Mama na kumweleza kwa Kipsigis. Sikujua kwamba kaka yangu anajua Kisomali. Alikuwa amekaa nyumbani miaka mitatu na lugha nzima kifuani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameisikia.

Filamu ilipokwisha Mama aliuliza, "Yule mwalimu alikuwa na watoto?"

"Alikuwa nao," kaka yangu akajibu.

Kisha alizungumza. Alitusimulia habari za wanafunzi wake, za mwenye nyumba aliyekuwa akimpelekea maziwa ya ngamia kila Ijumaa, na za wenzake waliokuwa katika basi la Novemba. Tulikwenda kulala jogoo wa kwanza akiwika. Katikati ya mazungumzo hayo nilitaja, kama mtu anayetaja jambo la pembeni, kwamba filamu hiyo ilishindanishwa Marekani na haikupata tuzo.

Mama alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Walioonja ni akina nani?"

Kwa msomaji asiyetoka katika eneo la chai, swali hilo lahitaji maelezo. Sisi wakulima wadogo wa Kericho na Bomet huchuma majani mawili na chipukizi, tukayapeleka kituoni yapimwe uzito, kisha gari la kiwanda likaja kuyachukua. Kinachotokea baada ya hapo hatukioni. Chai hupelekwa Mombasa mnadani, ambako waonjaji husimama mbele ya safu ya vikombe, wakavuta funda kwa kijiko, wakalisukasuka mdomoni na kulitema. Bei hufuata maoni yao na haja za wanunuzi wao. Mwisho wa mwaka wa chai ndipo tunapotangaziwa bonasi. Kila mwaka twasikia kwamba wenzetu wa mashariki ya Bonde la Ufa, kama vile Kirinyaga na Nyeri, wamepata zaidi yetu, na kila mwaka twanung'unika. Mama huwa hakubali kwamba chai yake ni mbaya. Husema kuwa mwonjaji anaonja kwa ulimi aliozaliwa nao, akiwa na mnunuzi wake akilini, na wala hajapata kunywa chai ile na maziwa.

Swali la Mama lilinifundisha juu ya Oscar kuliko yote niliyokuwa nimeyasoma. Walioonja ni wanachama wa akademia moja ya watengenezaji wa sinema, wengi wao wakiishi Marekani. Wana ulimi wao. Si wezi, na wala hawakukutana usiku kuizuia Mandera. Filamu isiyotangazwa kwao huenda wasiione kabisa, na kutangaza huko hugharimu fedha nyingi. Hata hivyo, mkulima anayesema kuwa bonasi haina maana hujidanganya, maana karo hulipwa kwa bonasi. Vivyo hivyo, anayesema kuwa tuzo haina maana hajui jinsi filamu zinavyopata fedha na watazamaji. Tuzo hufungua milango ya wafadhili na ya kumbi. Kwa hiyo sina nia ya kuitukana tuzo eti kwa sababu tumeikosa. Sizitaki mbichi hizi, alisema sungura, nasi sote twajua kwa nini alisema.

Hasira yangu ilirudi miaka minne baadaye, safari hii kwa sababu ya kitabu. Mwaka 2022 Tanzania iliwasilisha Vuta N'kuvute ya mwelekezi Amil Shivji, filamu iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999. Ilikuwa filamu ya pili tu ya Tanzania kuwasilishwa, baada ya Maangamizi mwaka 2001. Wengi wetu twaijua riwaya hiyo. Tumeandika insha kuhusu Yasmin na Denge, tumejadili ukoloni Unguja na nafasi ya mwanamke hadi kalamu zikakauka. Kusikia kwamba Kiswahili cha Unguja kimefika mlangoni pa Oscar, kikiwa kimebebwa na riwaya tuliyoisoma, kulinifanya nisahau yote niliyojifunza. Nilikesha tena. Orodha ya filamu 15 ilipotoka Desemba mwaka huo, Vuta N'kuvute haikuwemo.

Iliyoniumiza zaidi ilikuwa orodha ya mwisho ya filamu tano. Miongoni mwao ilikuwemo An Cailín Ciúin ya Ayalandi, filamu ya kwanza ya lugha ya Kiayalandi kupata uteuzi huo. Hiyo ni lugha ambayo wanaoizungumza kila siku nje ya shule hawafiki laki moja. Kiswahili, UNESCO hukikadiria kuwa na wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Nilitaka kulifungua tena lile daftari la dhuluma. Lakini safari hii niliuliza kwanza walioipika walifanya nini. Nikakuta kwamba Waayalandi walikuwa na mpango wa makusudi uitwao Cine4, ulioanzishwa na shirika lao la filamu pamoja na runinga ya lugha yao ili kufadhili filamu ndefu za Kiayalandi. An Cailín Ciúin ni tunda la mpango huo. Hadithi iliyoizaa iliandikwa kwa Kiingereza, nao wakaichukua na kuirudisha nyumbani.

Na kitengo chenyewe kinaipenda lugha kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 filamu ya Lionheart ya Nigeria iliondolewa humo kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa kwa Kiingereza. Yaani katika mlango ule, Kiingereza ndicho kinachomzuia Mwafrika kuingia, na Kiswahili ndicho ufunguo. Sijui ni mlango gani mwingine duniani ambao uko hivyo. Nasi tunao ufunguo mfukoni, tumeketi barazani tukilalamika kuwa nyumba imefungwa.

Hapo ndipo anayelalamikiwa alipobadilika. Nilijiuliza: mimi, niliyesomea uhakiki wa fasihi, niliyekesha mara mbili, niliyewatukana waamuzi wa California kwa kutoipigia kura Watu Wote, nilikuwa nimeandika nini kuihusu? Sikuwa nimeandika hata aya moja. Nilikuwa nimehakiki riwaya ambazo wahakiki ishirini wamezihakiki kabla yangu, lakini filamu iliyomfungua kinywa kaka yangu niliiacha ihukumiwe na wageni, kisha nikakasirika kwa kuwa hukumu yao si yangu. Kenya inazo tuzo zake za Kalasha tangu mwaka 2009, zinazotolewa chini ya Tume ya Filamu ya Kenya. Sijakesha hata usiku mmoja kuzisubiri. Niulizwe leo ni filamu gani iliyoshinda mwaka jana, nitaanza kukohoa.

Twawafundisha wanafunzi wetu kwamba tamthilia ni fasihi hata inapokuwa jukwaani. Sinema ya Kiswahili nayo ina ploti, usawiri, mandhari na mtindo wa lugha. Kisomali na Kiswahili vinavyopokezana ndani ya lile basi ni somo kamili la isimujamii, somo lile lile ambalo insha yake niliichelewesha kwa kukusanya malalamiko. Nawaomba wahariri wa jarida hili watenge kurasa chache katika kila toleo kwa ajili ya uhakiki wa filamu. Nawaomba wahadhiri wetu wakubali tasnifu kuhusu Vuta N'kuvute ya Shivji kama wanavyokubali tasnifu kuhusu Vuta N'kuvute ya Shafi. Mtengenezaji wa filamu anayejua kuwa kuna watu watakaoisoma kazi yake kwa makini, kwa lugha aliyoitengenezea, hataingoja California peke yake imwambie thamani yake.

Mimi mwenyewe nimerudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, na nimeanza kuandika uhakiki wangu wa Watu Wote. Nimefika ukurasa wa sita. Kaka yangu amerudi darasani, katika shule iliyo mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Hajarudi Mandera, na sijui kama atarudi. Lakini muhula uliopita aliniomba ile fleshi akawaonyeshe wanafunzi wake. Nilimwuliza watafanyaje na sehemu za Kisomali. Akasema, "Nitasimama pembeni, niwafasirie."

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Sawa. Nimekubali kwamba Watu Wote haikupata kura Los Angeles. Ya Kabianga bado tunaihesabu.